Mkaguzi Aliyefungua Injini ya Nyumbani Kwake

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu wa sita, Mkaguzi Mkuu wa Injini wa klabu yetu atastaafu baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na sita. Kwenye barua za ofisi ana jina refu na zuri, lakini hapa uwanjani hakuna anayelitumia. Tangu alipoanza kuzungushia waya injini za watu na kubana juu yake kipande cha madini ya risasi, yaani lakiri, ili zisifunguliwe kinyemela, aliitwa Bi Lakiri. Nasikia hata wanawe wakitaka kitu kikubwa humwita hivyohivyo, kwa unyenyekevu wa kutia shaka.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ni mtunza saa wa klabu, na kibanda changu kinatazamana na banda lake la ukaguzi tangu tulipohamia kwenye huu uwanja wa ndege wa zamani. Nimemwona kazini kuliko mtu mwingine yeyote. Sababu ya pili ni kwamba wote walioombwa kabla yangu walikataa. Walisema Bi Lakiri atausoma ukurasa huu akiwa na kalamu mkononi, na hawataki kurudishiwa kama kabureta isiyofaa.

Kwa wageni watakaohudhuria sherehe na hawajui tunashindana nini, niwaeleze kidogo. Klabu ina madaraja kadhaa, ila lenye watu wengi ni Daraja la Mikweche. Humo hukimbia magari madogo ya zamani, yale ambayo jirani yako angeyauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Viti vimeng'olewa, na mabomba ya chuma yamechomelewa ndani ili gari likipinduka dereva atoke akilalamika badala ya kutoka akibebwa. Madereva wenyewe ni kinyozi, muuguzi, fundi umeme, mwalimu wa hesabu, mchomeleaji. Injini lazima iwe kama ilivyotoka kiwandani. Si kwamba tunachukia mwendo, la hasha. Tunachoogopa ni pochi. Mmoja akinunua kamshafti ya bei mbaya, ule mhimili unaofungua valvu za injini, akashinda, wa pili naye atanunua, wa tatu atakopa, na msimu ujao kinyozi atakuwa nje ya uzio akitazama wenzake kwa macho tu. Kazi ya Bi Lakiri ilikuwa kuhakikisha kinyozi anabaki ndani.

Hakuja kwetu kama mtaalamu wa mashindano. Alikuwa akiuza vipuri kwenye duka moja nyuma ya soko, amekaa kwenye kaunta ya kioo, na ugonjwa wake mkubwa ulikuwa udaku. Ni yeye mwenyewe anayeuita hivyo. Mteja akinunua kitu, lazima ajue kinakwenda wapi. Basi kulikuwa na bwana mmoja, dereva wa mikweche, aliyekuwa akinunua ringi za pistoni kubwa kuliko zile ambazo gari lake lingeweza kutumia. Alipoulizwa, akajibu ni za rafiki. Akaja tena, za rafiki. Alipokuja mara ya tatu Bi Lakiri hakuuliza kitu. Jumapili akafunga duka, akavaa viatu vya kutembelea, akaja uwanjani kumtafuta huyo rafiki.

Rafiki hakupatikana. Alichokikuta ni yule bwana akimaliza wa kwanza kwa umbali wa aibu, akiwaacha wenzake kana kwamba wamesimama kununua karanga. Bi Lakiri akamwendea katikati ya umati, akampongeza, kisha akamuuliza kwa upole kabisa kama zile ringi zilimtosha rafiki yake. Kila aliyejua injini alielewa papo hapo kwamba silinda zilikuwa zimepanuliwa. Yule bwana alipakia gari lake bila kusubiri kombe. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa wakati huo alikwenda dukani na ovaroli mkononi, akamwomba ahamishie udaku wake kwetu.

Mume wake alikuwa fundi wa gereji, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, mpenda kupiga mluzi. Sisi sote tulimwita Shemeji, hata wale waliomzidi umri, kwa kuwa Bi Lakiri alishakuwa dada wa kila mtu. Dada yake Shemeji, ambaye ni muuguzi wa zamu, alikuwa, na mpaka leo ni, dereva wa mkweche wa rangi ya chungwa. Bi Lakiri humwita Wifi kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, basi naye akawa Wifi wa wote, na mtangazaji humtaja hivyo kwenye kipaza sauti bila aibu yoyote. Kwa miaka mingi, nilipokuwa naandika nafasi za waliomaliza, mstari wa mwisho niliuandika mapema kabisa, kabla mbio hazijaanza, na sikuwahi kuufuta. Wifi aliendesha kwa utaratibu wa mtu anayepeleka mgonjwa aliyeshonwa, na akishuka anacheka kuliko mshindi.

Kanuni inayotufanya tusemwe na vilabu vingine ilizaliwa jikoni kwa Bi Lakiri. Alikuwa amechoka kukimbizana na wajanja. Ukiwazuia kwenye kamshafti, wanahamia kwenye kabureta. Ukiwafuata huko, wameshafika kwenye valvu. Shemeji, akikoroga chai yake, ndiye aliyeuliza itakuwaje kama anayeshindwa angekuwa na haki ya kuchukua injini ya aliyemshinda na kumwachia ya kwake. Nani atamwaga mshahara wake kwenye injini ambayo Jumapili jioni inaweza kuondoka na kinyozi? Bi Lakiri anasema aliacha vyombo kwenye maji, akakaa chini, na wakabishana mpaka chai ikapoa.

Hivyo ndivyo tulivyopata kanuni ya kubadilishana. Mbio zikiisha, dereva anaweza kunyoosha mkono na kuomba injini ya mshindi, na mshindi hana ruhusa ya kukataa. Kabla injini haijabadilishwa inafunguliwa mbele ya watu wote, na mkaguzi anasoma vipimo kwa sauti ili anayeipokea ajue anapokea nini. Mwenye injini husikia pamoja na wengine, wala hadokezwi kabla, asije akapata nafasi ya kubembeleza. Hiyo sehemu ya mwisho iwekeni akilini.

Jamani, siku ya kwanza ya kanuni hiyo! Mwalimu wa hesabu alikuwa anaongoza, na kwenye mzunguko wa mwisho nadhani ndipo alipofanya hesabu yake vizuri: akishinda, injini yake aliyoilea kama mtoto inaweza kwenda kwa mtu mwingine. Akapunguza mwendo ili apitwe. Mchomeleaji aliyekuwa nyuma yake naye akapunguza. Kinyozi, wa tatu, akaona wenzake wanatambaa, akatambaa. Magari matatu yakawa yanaukaribia mstari wa kumalizia kwa mwendo wa msafara wa maharusi, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa mkono apite tu, tafadhali. Muuza soda alikuwa anatembea kando yao na ndoo yake, akawapita. Wifi, aliyekuwa nyuma kwa mzunguko mzima, naye akawapita akiwapungia kwa huruma, akidhani wameharibikiwa. Saa yangu ilikuwa inahesabu na mimi natamani kuizima kwa aibu. Mwishowe kinyozi ndiye aliyeshinda, kwa sababu breki zake hazikuwa nzuri.

Mwenyekiti alitaka kanuni ifutwe jioni ileile. Bi Lakiri alikuwa ameketi juu ya tairi, anajifuta machozi ya kicheko, na mimi nikamwona ghafla ameinamisha kichwa upande mmoja. Sote tunaoufahamu ule mkao tunajua kuwa hapo kuna swali linatafunwa. Kwenye mkutano uliofuata alipendekeza neno moja libadilishwe: dereva aombe injini ya yeyote aliyemaliza mbele yake, si ya mshindi peke yake. Kwa hiyo kujivuta hakukusaidii kitu, labda uwe wa mwisho, na nafasi hiyo, kama nilivyosema, ilikuwa na mwenyewe. Tangu hapo watu walirudi kushindana kwa moyo wote, na injini za bei mbaya zikaanza kupungua zenyewe.

Vijana wa siku hizi humwogopa Bi Lakiri wakidhani anachukia wadanganyifu. Hawachukii hata kidogo, anawapenda kupita kiasi. Akimkamata mtu, cha kwanza ni kumwomba amweleze alivyofanya, hatua kwa hatua, huku macho yanamng'aa, na baada ya kumsifu vizuri ndipo anapomfuta kwenye matokeo. Ana jaribio lake moja la kuziba mdomo wa kabureta kwa kiganja injini ikiwa inanguruma. Injini halali huzimika palepale, kwa kuwa haina pengine pa kuvutia hewa. Siku moja injini ya fundi umeme ilikataa kuzimika. Bi Lakiri alisema "hebu tuone", maneno anayoyasema kabla ya kila balaa, akachukua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, akaweka ncha moja sikioni na kuitembeza nyingine juu ya injini yote kama daktari anayesikiliza kifua. Alikaa pale mchana kutwa. Alipokipata kitundu kilichofichwa chini ya pete ya kubania mpira wa hewa, alipiga kelele ya furaha mpaka nikatoka kibandani nikidhani kuna ajali. Fundi umeme alifungiwa msimu mzima, na mpaka leo anakisimulia kile kitundu kwa fahari, kwa kuwa Bi Lakiri alikiita kazi safi.

Nimejaribu kuandika mpaka hapa bila kufika kwenye jambo la Wifi, lakini wasifu usio na jambo hilo angeukataa mwenyewe kwa kutokamilika. Nimemwomba ruhusa yeye na Wifi, na wote wamesema niandike.

Miaka saba iliyopita Shemeji alifariki ghafla, katikati ya wiki ya kazi, na uwanja ulikaa bila mluzi wake. Injini ya mwisho aliyoiunganisha kwa mikono yake ilikuwa kwenye gari la dada yake, ule mkweche wa chungwa. Bi Lakiri ndiye aliyeifunga lakiri, nyumbani kwao, baada ya kupima yanayopimika kwa nje. Kuifungua hakukuwa na haja, maana gari lenyewe lilikuwa linashika mkia na hakuna aliyewahi kuiomba. Shemeji alipoondoka, lakiri ikabaki palepale. Kila Jumapili ya mashindano Bi Lakiri alikuwa akipita gari kwa gari akigusa waya kuhakikisha haujakatwa, na kwenye gari la Wifi kidole chake kilikaa kidogo zaidi. Tuliona sote. Hakuna aliyethubutu kusema neno mbele yake.

Lakini nyuma yake yalisemwa. Yalisemwa kwamba kila injini uwanjani imeshawahi kufunguliwa isipokuwa ya nyumbani kwa mkaguzi. Yalisemwa kwa utani, na utani wa namna hiyo una kawaida ya kukua.

Kisha ikaja Jumapili ya mvua. Lami ilikuwa inateleza kama sabuni. Waliokuwa mbele wakaserereka, mmoja akamvaa mwenzake, wa tatu akaingia kwenye nyasi akabaki humo, na Wifi akaendelea kupeleka mgonjwa wake, taratibu, kona kwa kona, mpaka akajikuta peke yake mbele. Akawa wa kwanza kuvuka mstari. Nilisimama kibandani nikapiga makofi, mimi ambaye kanuni inanitaka nisishabikie mtu. Wifi alishuka akilia, akasema kombe ni la kaka yake, ni la kaka yake, akalikumbatia na kofia ngumu yake bado kichwani.

Na hapo mkono ukanyooshwa. Ulikuwa wa msambazaji wa mikate, ndiyo maana tunamwita Mikate, mgeni katika msimu wake wa kwanza, aliyemaliza wa tano kwa injini iliyokuwa inatoa moshi wa kutosha kufukuza mbu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ameisoma kanuni nyumbani akaipenda, na hakuna aliyemsimulia habari za Shemeji. Watu wakageukiana. Mwenyekiti akamsogelea, akamnong'oneza, na masikini Mikate akaanza kuushusha mkono uso umemwiva kwa aibu. Watu wakaanza kushusha pumzi.

Bi Lakiri akasema hapana, mkono ukishanyooshwa umenyooshwa.

Nataka msomaji aelewe kilichokuwa mezani. Kama angeuacha mkono ule ushuke, hakuna dereva ambaye angekubali tena kufunguliwa injini yake na mwanamke huyu, na kanuni ikifa, daraja zima linarudi kwa wenye pochi. Na kama angeifungua akakuta kasoro, ni jina la mumewe, ambaye hayupo kujitetea, na ni wifi yake wa pekee amesimama pale na kombe kifuani. Alilijua hilo kuliko sisi. Aliikata lakiri aliyoifunga mwenyewe, kisha akashika spana.

Alifanya kazi ileile anayoifanya siku zote, kwa mpangilio uleule. Pistoni zilikuwa sawa. Valvu zilikuwa sawa. Kamshafti ilikuwa ya kiwandani, tena imechoka. Watu wakaanza kutabasamu. Ikabaki silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini ambacho chini yake mafuta na hewa hubanwa kabla ya kuwaka. Hedi ikikwanguliwa sehemu ya chini, nafasi inapungua, mbano unazidi, na nguvu inazidi. Bi Lakiri aliipima. Akakifuta kipimo, akapima tena. Akaigeuza, akapima upande wa pili. Kisha akasimama, akasoma namba kwa sauti ileile anayosomea namba za kila mtu, akasema imekwanguliwa chini ya kiwango, kwa unywele tu, na matokeo yamefutwa.

Wifi aliliweka kombe mezani, juu ya vitambaa vya mafuta, akaondoka. Ombi la Mikate nalo likafa lenyewe, kwa sababu mtu aliyefutwa hakumaliza mbele ya yeyote. Mikate alikwenda kwa Bi Lakiri kuomba radhi, akaambiwa yeye ndiye dereva pekee aliyeisoma kanuni vizuri. Bi Lakiri akamalizia magari yote yaliyobaki, lakiri moja baada ya nyingine. Nilipovuka kwenda bandani kwake nilimkuta amekaa na ile hedi mapajani.

Nilidhani nimekwenda kumfariji. Kumbe nilikwenda kuulizwa swali. Aliniuliza: ni mjanja au ni mbana matumizi? Akanifafanulia. Gari likichemka, hedi hupinda kwa joto, na fundi yeyote wa mtaani huipeleka ikakwanguliwe kidogo ili ilale sawa, kwa sababu hedi mpya bei yake haishikiki. Gari la Wifi lilichemka mwaka uleule injini ilipounganishwa, alikumbuka vizuri. Kwa hiyo huenda Shemeji alitengeneza tu gari la dada yake kama angelitengeneza la mteja. Lakini pia alikumbuka kwamba Shemeji alipokuwa anaiunganisha alikuwa anapiga mluzi, na mume wake akipiga mluzi wa namna ile lazima pana jambo. Akaanza kucheka. Akasema kama ni udanganyifu, basi ni udanganyifu mbovu kuliko wote aliowahi kuukamata, miaka yote ile na gari bado linashika mkia. Alicheka mpaka akalia, na alipolia alisema wazi kwamba amemkasirikia kama vile yuko hai, na kwamba amemkumbuka sana.  Nilikaa naye tu.

Sasa oneni udaku ulivyo na faida. Wifi hakuwa na uwezo wa kununua hedi mpya, iliyokuwa ghali kuliko gari lenyewe, basi akaliegesha. Mwingine angeishia kuumia rohoni. Bi Lakiri aliumia, halafu akajiuliza: kanuni iliyowekwa kumlinda mwenye mfuko mdogo imewezaje kumtoa nje mwenye mfuko mdogo? Akaanza kuzunguka gereji moja baada ya nyingine akiuliza ni mikweche mingapi imelazwa kwa hedi zilizopinda. Ilikuwa mingi, na wenyewe walikuwa wameona aibu kusema. Akaazima gari la Mikate, wakafunga hedi iliyokwanguliwa pamoja na gasketi nene zaidi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya hedi na bloku, wakapima nafasi ya ndani, wakaikuta imerudi kama ya kiwandani. Wakalikimbiza mchana mzima nami nikashika saa. Mwendo wake haukuzidi wala kupungua.

Kwenye mkutano mkuu alipendekeza hedi zilizokwanguliwa ziruhusiwe mradi ziwe na gasketi nene. Kuna aliyesimama na kusema mkaguzi anamtengenezea wifi yake njia ya kurudi. Bi Lakiri alimjibu kwamba ushindi ule umefutwa na utabaki umefutwa hata ifike siku ya kiyama, ila kinyozi naye gari lake limelala kwa hedi, je, naye ni wifi yake? Kanuni ikapita. Msimu uliofuata uwanja ulijaa kuliko nilivyowahi kuona, na magari ambayo kuku walikuwa wameshaanza kuyatagia yakarudi kwenye mstari. Tukiulizwa leo mafanikio yake makubwa ni yapi, sisi wa Daraja la Mikweche tunaitaja kanuni hiyo.

Wifi naye alirudi. Alikuwa akija wa kwanza kwenye foleni ya ukaguzi, anafungua boneti mwenyewe, anaomba afunguliwe injini yote bila kuombwa na mtu, kisha anatazama pembeni. Salamu alitoa, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini zaidi ya salamu hakuna kitu. Misimu minne mizima mawifi wale walikuwa wakizungumza kupitia kwetu. Wifi akituambia kaka yake alikuwa mtu safi na hakuwahi kuiba hata unywele. Bi Lakiri akituambia yeye ndiye aliyeishi naye, na anamjua. Sisi tunapeleka na kurudisha maneno kama matarishi, na kila upande unauliza mwenzake amesemaje.

Wiki mbili zilizopita madereva walikutana kuchagua mkaguzi mpya, na jina la Wifi lilitajwa kabla viti havijakaliwa. Walisema ana mikono ya kazi, ana subira, na yeye ndiye dereva pekee ambaye kila mara amejileta mwenyewe mezani. Wifi alisimama. Alisema atakubali kwa sharti la jibu moja, akamgeukia Bi Lakiri uso kwa uso kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mvua, akamuuliza: siku ile ikirudi, angefanya vilevile?

Tulijua kwamba Bi Lakiri hawezi kudanganya hata kwa kipimo cha unywele, na tukaogopa. Alisimama polepole. Alisema angeifungua. Angeipima, na angeyafuta matokeo. Halafu sauti yake, ile ambayo haikuyumba siku ile, ikayumba. Alisema lakini kabla ya kusoma namba angemshika wifi yake mkono, wangetoka nje wawili, na angemwambia yeye kwanza. Alisema alifuata utaratibu kwa kuwa aliogopa kwamba akimtazama usoni hataweza kusoma, na kwamba kila Jumapili tangu siku hiyo imemuuma.

Wifi alivuka chumba chote, akigonga viti. Walikumbatiana pale mbele ya mwenyekiti na ajenda yake, na Wifi alisema ndilo alilokuwa akilingoja, kwamba hakuwahi kulilia kombe, alililia kuzisikia habari za kaka yake wakati mmoja na muuza soda, kana kwamba yeye ni mtu baki. Kulikuwa na wanaume wazima humo ndani waliokuwa wakikagua dari. Halafu Wifi akajipangusa, akasema hata hivyo kaka yake hakuwa mdanganyifu. Bi Lakiri akasema wewe hukuusikia ule mluzi. Wakaanza kubishana, ana kwa ana, vidole vimenyooshwa, na mwenyekiti aligonga meza mpaka akachoka, kikao kikakaribia kuvunjika.

Kabla ya kutoka, Bi Lakiri aliomba nafasi ya kupendekeza kanuni yake ya mwisho. Ni fupi: injini ikikutwa na kasoro, mkaguzi atamwita mwenye injini pembeni na kumwambia yeye kwanza, kisha ndipo atawasomea wote. Matokeo hayatabadilika kwa hilo. Tuliipitisha kwa sauti moja, na Wifi, aliyekubali kuwa mkaguzi wetu mpya, ataanza kuitumia mwezi ujao.

Dada yetu, kwa niaba ya madereva, mafundi, mtangazaji, muuza soda na kila kinyozi aliyebaki ndani ya uzio kwa ajili yako, tunakushukuru. Umetuuliza maswali miaka ishirini na sita na mengi tuliyakimbia, lakini hakuna uliloliuliza kwa kutudharau. Tunakutakia afya, usingizi mrefu wa Jumapili asubuhi na siku njema nyingi pamoja na wifi yako. Na lile swali la Shemeji, tunawaomba nyote wawili, msilimalize upesi.